Niliwahesabia Gunia Mbili na Bwana Ushuru

Vijana wa ulingoni, siku mliyoniaga kwa soda na keki mlinipa na daftari tupu, mkasema, "Fundi, tuandikie." Nimekaa nalo wiki tatu. Kazi ya refa wa mieleka ni kuonekana kidogo na kusikika mara tatu tu: moja, mbili, tatu. Mtu aliyezoea hivyo hana maneno mengi ya kuandika. Habari za vyeo na posho mtazipata kwa wengine, maana wapo wanaozikumbuka vizuri. Mimi nataka muwajue wanaume wawili walionifundisha kazi bila wao kujua, na siku moja niliyowasimamia, ambayo watu wengi wa mji huu waliiona kwa macho yao lakini hawakuielewa.

Sikuingia kwenye mieleka kwa kupenda. Niliingia na msumeno. Nilikuwa na banda la useremala Majengo, hapa Dodoma, nyuma ya wauza nafaka, ndipo akaja mzee mmoja mfupi, suruali imenyooshwa pasi hadi mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Aliitwa Mzee Kibwana, mtu wa Kondoa, refa wa mieleka. Alitaka jukwaa la mbao, hatua sita kila upande, lenye kubeba uzito wa ng'ombe wawili.

"Watacheza ng'ombe?" nikamuuliza.

"Watacheza watu. Ng'ombe wana akili, hawajirushi."

Nikatengeneza. Chini nilipanga tairi kuukuu za lori ili mbao zipate kunesa, juu nikatandika magunia yaliyojaa pumba za mpunga, juu yake turubai tukalivuta mpaka likalia kama ngoma. Kamba zilikuwa za katani, tukazivisha mpira wa bomba la maji zisichune ngozi. Nikajiona nimefanya kazi ya maana. Mzee Kibwana akavua viatu, akakunja ile suruali yake, akaanza kutembea pekupeku juu ya turubai, hatua kwa hatua, kama anayetafuta sindano. Karibu na kona akasimama.

"Njoo ulale hapa. Shavu chini."

Nikalala. Kwenye mfupa wa shavu nikahisi kitu kidogo kigumu: kichwa cha msumari ambao sikuuzamisha sawasawa.

"Sasa fikiri unaangukia hapo kutoka urefu wa mlango," akasema, akaenda kuvaa viatu vyake. Hakunigombeza. Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, hakuna ulingo niliosimamia pambano bila kwanza kuutembelea pekupeku. Ninyi mnaofika dakika ya mwisho na raba zenu za bei, mnajijua.

Miezi michache baadaye Mzee Kibwana akanivalisha shati jeupe na suruali nyeusi nikawe msaidizi wake. Nilimwambia mimi fundi seremala, sijui kitu. Akanijibu kwamba anayejua misumari ilipo ataihurumia migongo ya watu. Alinifundisha kuhesabu kwa kiganja kizima, kusimama mahali ambapo sizibi macho ya watu, na kumwuliza mtu aliyelala chini kama ni mzima bila kufungua mdomo. Unamshika mkono kana kwamba unamkagua, unaminya mara moja. Akikuminya nawe, mambo ni sawa, mchezo unaendelea. "Na ukitoka hapa watu wanakutaja wewe," akasema, "ujue umeharibu."

Kabla sijaendelea, nijibu swali ninaloulizwa harusini, kanisani na ndani ya bajaji: mieleka ile ni ya kweli au ya kuigiza? Mshindi hupangwa. Ubao haupangwi. Mtu wa kilo mia akitua mgongo juu ya mbao, zile mbao hazina habari ya makubaliano yenu. Ufundi wa mwanamieleka ni kumrusha mwenzake mbele ya watu elfu kwa sura ya kutaka kumuua, na muda wote huo amemshika kama mama alivyomshika mtoto. Wachache wanauweza. Niliofanya nao kazi walioufikisha mwisho ni wawili.

Wa kwanza ni Ezekieli Chiwanga, mliyemsikia kwa jina la Gunia Mbili. Alikuwa mpakiaji wa nafaka hapo hapo Majengo, na jina lile alilipata kabla ya mieleka, kwa kuwa wenzake walipanda ubao wa lori na gunia moja la mahindi yeye akapanda na mawili. Ulingoni alikuwa na mtindo wake wa kumalizia tuliouita "kupakia". Alimnyanyua mpinzani, akamlaza mabegani, akatembea naye kuzunguka ulingo wote ili kila upande wa watu umwone, halafu akamtua. Nimesema akamtua, sikusema akambwaga. Kutoka nje ungeapa mtu amevunjika. Mimi niliyekuwa nimepiga magoti hapo nilikuwa naona kiganja chake kikitangulia chini ya kichwa cha mwenzake. Katika miaka yote niliyomsimamia, hakuna aliyepakiwa na Ezekieli akaumia hata kidole.

Wa pili ni Hamisi Ngoda. Nyumbani alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mtu wa sauti ya chini, anayekuitikia salamu kwa kuinamisha kichwa. Ulingoni alikuwa Bwana Ushuru. Alivaa suti ya kaki aliyoishona mwenyewe, kalamu sikioni, kitabu cha risiti mkononi, na kabla ya pambano alipita katikati ya watazamaji akidai ushuru. Mwenye kiti atozwe ushuru wa kiti, mwenye kivuli ushuru wa kivuli. Nilimwona akimwandikia mtu risiti kwa kupiga chafya. Katika mji wa wafanyabiashara wadogo huhitaji kufanya zaidi ya hapo uchukiwe. Wauza nyanya wa sokoni walikuwa hawamwuzii. Mkewe, Mama Zuhura, ndiye aliyekwenda sokoni, na hata yeye alipunjwa kipimo.

Nilimwambia siku moja, "Kaka Hamisi, huchoki? Ungegeuka ukawa mtu mwema msimu mmoja tu, watu wakakupenda."

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Akaumaliza kwanza. "Wakinipenda mimi, Fundi, Ezekieli atamshinda nani?"

Mapambano yao siwezi kuyahesabu. Tulifunga ulingo kwenye lori tukaenda Kongwa, Mpwapwa, Manyoni, kila mahali penye uwanja na watu waliokwisha kuvuna. La kusimulia kuliko yote ni lile la Mvumi. Bwana Ushuru alikuwa amemlaza Ezekieli mara moja, akashuka kwenda kukusanya ushuru wa ushindi. Akafika kwa bibi mmoja aliyekaa mbele na ungo wa karanga, akachota konzi, akatafuna. Kawaida watu hucheka. Yule bibi hakucheka. Akainuka na fimbo yake, akamfuata mpaka ulingoni, akapita chini ya kamba kwa shida, akasimama mbele yangu.

"Wewe mwenye shati jeupe," akaniambia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kigogo, "mwambie huyu alete karanga zangu."

Mzee Kibwana hakunifundisha hilo. Nikamtazama Ezekieli, naye akawa anatazama mbali, mdomo ameubana. Bibi akamchapa Bwana Ushuru fimbo moja ya mguu. Haikuwa fimbo ya kumwumiza hata mbuzi. Lakini Hamisi alisimama akitetemeka, akageuka polepole, akayumba kona hii na kona ile, akashika kamba, ikamponyoka, kisha akaanguka chali kama mti uliokatwa, turubai likatoa mlio uliosikika mpaka hospitali ya pale. Bibi akamwekea mguu kifuani. Nikapiga magoti nikahesabu: moja, mbili, tatu. Uwanja mzima wa Mvumi ulipagawa. Wanawake walimbeba bibi yule kwa vigelegele mpaka kwake. Bingwa wa pambano hakuwa kwenye ratiba, na Gunia Mbili mwenyewe ndiye aliyetangulia kumpigia makofi. Nikiulizwa pambano bora kuliko yote niliyosimamia, nataja hilo. Halafu Hamisi aliniomba nimpelekee bibi hela ya karanga, nisiseme imetoka kwa nani.

Nije sasa kwenye jambo zito.

Tulikwenda shule ya Buigiri kuwachezea watoto wasioona. Mchezo wa kutazamwa utauchezaje mbele ya wasiotazama? Ezekieli na Hamisi walikaa nao asubuhi nzima, wakawaacha waupapase ulingo, kamba, mabega yao na ile suti ya kaki. Walipoanza, walicheza kwa masikio. Kila pigo lilikuwa na sauti yake, kila hatua ilisikika, Hamisi akidai ushuru wa kusikiliza. Mimi nilikuwa natangaza huku nasimamia. Watoto walishangilia kuliko wenye macho.

Baada ya mchezo mwalimu mmoja wa pale, mwanamke wa makamo naye haoni, akaniita pembeni.

"Refa, yule mzito anaumwa mguu gani?"

"Haumwi, mwalimu."

"Wa kushoto unachelewa kukanyaga. Mwanzoni ulikuwa unachelewa kidogo. Mwishoni alikuwa anauburuta."

Mimi niliyemtazama miaka kwa umbali wa mkono mmoja sikuwa nimeona. Njiani kurudi mjini nilikaa na Ezekieli nyuma ya lori, juu ya turubai lililokunjwa. Nikamwuliza.

"Ganzi," akasema. "Inaanzia shingoni inashuka mpaka kwenye unyayo. Ni magunia yale, Fundi, siyo mieleka. Limebaki pambano moja la kuaga. Usimwambie mtu."

Nikakubali. Hapo ndipo nilipokosea, na naliandika wazi ili ninyi msilirudie. Nilijiambia ni siri ya mtu mzima. Ningekwenda kwa waandaaji siku ile ile, yaliyofuata yasingetokea. Nilimficha hata Hamisi, na Hamisi ndiye aliyekuwa anaenda kukamatana naye.

Pambano la kuaga lilifanyika mjini, mchana, uwanja umejaa mpaka watu wamekaa juu ya ukuta. Wapakiaji wa Majengo walifunga kazi. Watoto wa Ezekieli walikaa mstari wa mbele na mama yao, wamevaa nguo za Krismasi. Mpango ulikuwa Gunia Mbili ampakie Bwana Ushuru kwa mara ya mwisho, aage.

Walicheza vizuri. Dakika kumi na tano za kwanza sijaona mfano wake, na nilikuwa nimeanza kujicheka kwa hofu yangu. Kisha Ezekieli akamnyanyua Hamisi mabegani. Watu wakasimama wote. Alitembea upande wa kwanza, wa pili, na kwenye upande wa tatu mguu wa kushoto haukuja. Nilimwona akiutazama kama mtu anayetazama kitu cha mwingine. Akaanguka mbele, na hata wakati anaanguka alimsukuma Hamisi pembeni asimwangukie. Yeye mwenyewe alitangulia kichwa.

Nikapiga magoti, nikamshika mkono, nikaminya. Hakuniminya. Nikaminya tena. Macho yalikuwa wazi na midomo ilikuwa inasema kitu. Nikainama.

"Ninyanyueni," alikuwa anasema. "Wanangu wako pale. Ninyanyueni nimalize."

"Vidole vyako unavisikia?"

"Fundi, nakuomba."

Nikasimama, nikakunja mikono msalaba juu ya kichwa changu. Pambano limekwisha.

Kisha ikaanza kelele ya watu waliomtazama miaka kumi na nane wakaporwa mwisho wake. Wengi waliamini ni hila ya Bwana Ushuru na mimi nimenunuliwa. Chupa ya kwanza ilinipita sikioni. Watu wakaanza kusogea kwenye ulingo kutoka pande zote, wengine kwa hasira, wengine kwa mapenzi, wakitaka kumwinua bingwa wao. Nilijua mtu mmoja tu akimvuta mkono kwa nguvu, basi. Nikamfunika bila kumlalia, kumkinga. Sikuwa na la kufanya zaidi.

Hamisi alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Aliitazama ile mikono isiyocheza, akanitazama mimi. Sauti yake ya cherehani, ya chini, ikaniuliza, "Mtahitaji dakika ngapi?"

"Tano."

Akainuka. Akajifuta vumbi kwenye koti, akampokonya mtangazaji kipaza sauti, na Bwana Ushuru akaanza kucheka. Akawaambia watu kwamba bingwa wao ni gunia la pumba. Akawaambia uwanja ule sasa ni mali yake, na kuanzia leo kila mtu wa Dodoma atalipa ushuru wa kuvuta pumzi. Akamtaja muuza nyanya fulani kwa jina. Kisha akaruka kamba upande wa mbali kabisa na lango, akakimbia.

Uwanja wote ulimfuata. Nimeona ng'ombe wakikimbilia maji baada ya kiangazi, na ulikuwa mkimbio wa namna ile. Aliwazungusha mara ya kwanza, akawasubiri kidogo wasije wakakata tamaa, akawazungusha mara ya pili. Alikuwa na miaka hamsini. Sisi tukang'oa ubao mrefu wa ulingo, ubao niliouranda kwa mkono wangu, tukamtelezesha Ezekieli juu yake, tukamfunga kwa kamba za katani kichwa kisicheze, tukatoka langoni mpaka kwenye pikapu bila mtu kutugusa. Nilipogeuka nilimwona Hamisi amefika ukutani, hana tena pa kukimbilia. Jiwe lilimpata juu ya jicho. Walimshona nyuzi tisa.

Daktari alituambia kwamba mtu yule angenyanyuliwa vibaya mara moja tu zaidi, asingetembea tena. Ilimchukua miezi saba kushika kijiko na mwaka mzima kutembea kwa fimbo. Alipopata nafuu hakutaka kuniona. Nilikwenda mara nne na maziwa, mara zote mkewe akayapokea mlangoni kwa adabu, akaniambia amelala. Kwa Ezekieli, mimi nilimwibia mwisho wake mbele ya watoto wake. Na Hamisi aliwatukana mashabiki wa Ezekieli, Ezekieli mwenyewe amelala chini, kisha akakimbia kama mwizi. Alichokiona Ezekieli siku ile ni mbingu tu, na alichokisikia ni kipaza sauti.

Hamisi hakujieleza kwa yeyote. Nilipomshauri aseme, alijibu kwamba akishasema, Bwana Ushuru atakuwa amekufa, na Gunia Mbili hatakuwa amemshinda mtu yeyote miaka yote ile. Kwa hiyo sokoni hali ikawa mbaya zaidi. Hata sare za shule zilipungua kuletwa. Mimi nikamheshimu, nikanyamaza. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona kunyamaza kulikotufikisha. Mwaka wa pili nikaenda kwa Ezekieli mara ya tano, bila maziwa, nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Unikasirikie mimi," nikamwambia. "Nilijua mguu wako nikanyamaza, kisha nikakusimamishia pambano. Vyote viwili nilivifanya. Lakini kuhusu Hamisi umekosea." Nikamweleza tangu Hamisi aliponiuliza dakika ngapi, mpaka nyuzi tisa.

Alisikiliza akitazama fimbo yake. Nilipomaliza nikasikia mkewe jikoni ameacha kuosha vyombo.

"Anakaa wapi siku hizi?" akauliza.

Tulikwenda kwa bajaji. Hamisi alikuwa kibarazani kwenye cherehani. Alipotuona alisimama, mita ya kupimia nguo shingoni, hajui mikono yake aiweke wapi. Ezekieli alishuka polepole, akamwendea, akamgusa lile kovu kwa kidole gumba.

"Shikamoo, kaka," akasema. Hamisi alimzidi miaka miwili tu, na Ezekieli alikuwa hajawahi kumwamkia hivyo hata siku moja.

"Marahaba." Akavua ile mita shingoni. "Shingo?"

"Inageuka. Upande huu kidogo."

"Kaa basi. Mama Zuhura, tuletee chai." Wakakaa. Saa nzima waliongea habari za mvua na bei ya mahindi, na mimi nikawa nimesahauliwa, jambo ambalo kwa refa ni sifa.

Mwaka huu, ninyi vijana mlipoandaa siku ya kuwaenzi wakongwe, mliniomba majina. Niliwapa mengi, mkawaita wote, na mnakumbuka Ezekieli alivyoshangiliwa. Lakini wengi wenu mlikuwa nyuma mnafunga viatu, hamkumwona alipoomba kipaza sauti. Alisimama kwa fimbo yake katikati ya ulingo, akawasimulia watu yote: ganzi, mguu, mimi, ubao, na kwa nini mtu wa miaka hamsini aliuzungusha uwanja mzima mara mbili. Akasema, "Miguu hii ninayosimamia ni yake." Kisha akamwita Hamisi apande.

Hamisi alipanda, mzee mwembamba mwenye kanzu safi, kofia mkononi. Wanawake wa sokoni walioketi kwa pamoja walikuwa wanatazamana. Nilimwona mmoja, muuza nyanya aliyezeeka sasa, amefunika mdomo kwa khanga na machozi yanamtoka. Alikuwa anatafuta cha kumpa mtu yule, na makofi hayakutosha. Akasimama, akavuta pumzi, akapaza sauti kwa nguvu zake zote.

"Mwizi."

Mwingine akasimama. "Mwizi huyo." Kisha safu nzima, kisha jukwaa zima la watazamaji, wazee na wajukuu zao, wakimzomea kwa sauti moja mpaka mabati yakatetemeka, wengi wao wakilia huku wanazomea. Hamisi alisimama akiwasikiliza. Akavaa kofia yake. Akanyoosha kidole polepole kuelekea jukwaani, akaanza kuhesabu viti.